Msikiti wa Mbao na Mikono ya Baba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni hata baada ya mvua zote zilizonyesha tangu hapo. Ilikuwa Ijumaa, pale Beni, saa ya sala ya adhuhuri. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya ukuta wetu wa mbao, tumejipanga, na imamu alikuwa katikati ya kisomo. Ndipo tuliposikia mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayevunja muwa kwa goti lake chumba cha pili. Vumbi likashuka kutoka juu, likatua kwenye vitambaa vyetu vya kichwa.

Hakuna aliyekata sala. Imamu wetu, Mzee Shabani, alifupisha sura, akamaliza, akatoa salamu, kisha akageuka na kusema kwa upole, kama mtu anayekaribisha wageni mezani:

"Tutoke pole pole, bandugu. Batoto mbele. Hapana kusukumana."

Tulipokuwa wote nje, wanaume wawili wakarudi ndani kutazama. Nguzo ya kuume, upande wa kibla, ilikuwa imepasuka kwa urefu. Tangu siku ile msikiti ukafungwa, na watu wakasali uani, juu ya mikeka, mvua ikiwaruhusu.

Ngoja nikuambie msikiti wenyewe ulivyo, kwa sababu ninyi wa leo mnaujua kwa picha za simu tu. Wazee wa ukoo wa mume wangu walifika Beni kutoka upande wa Maniema na mizigo ya chumvi na nguo. Walioa hapa, wakalima hapa, wakazikwa hapa. Walipotaka nyumba ya kusalia, matofali yalikuwa machache, lakini msitu ulikuwa karibu. Njia ya Eringeti wakati ule ilikuwa miti mitupu. Wakajenga kwa walichopewa na Mungu. Nguzo nne za muvula, mti mgumu unaokataa mchwa, zilisimama katikati juu ya mawe na kubeba boriti za paa. Sakafu ya mbao iliinuliwa kutoka ardhini ili upepo upite chini yake. Mbao za kuta zililaliana kama magamba ya samaki, mvua ikipiga inateremka nje bila kuona pa kuingilia. Misumari ilikuwa michache. Viungo vingi vilishikwa kwa vigingi vya mti. Kibla chake hakikuwa na nakshi nyingi, ni mbao fupi zilizochongwa kwa upinde na kuunganishwa hata usione zinapokutana. Mnara haukuwapo. Mwadhini alipanda ngazi hadi kidirisha cha juu, chini ya bati, akatoa kichwa na kuita. Na mbele kulikuwa na barza pana ambapo watu walivua viatu, na ambapo, Mungu anisamehe, biashara nyingi za Beni zilimalizikia.

Fundi mkuu wa kazi hiyo aliitwa Mzee Sefu. Alikuwa na vijana wa kumsaidia, na mmoja wao alikuwa Mkatoliki kutoka Vuhovi, aliyefika Beni kutafuta kazi akaishia kujifunza useremala kwa Mwislamu. Jina lake Paluku, na baadaye alirudi kwao. Huyo ndiye baba yangu.

Sasa unaweza kufikiri kwamba mtu aliyejenga msikiti kwa mikono yake, akala sahani moja na Waislamu tangu ujana, atafurahi binti yake akiolewa na mmoja wao. Mimi pia nilifikiri hivyo. Lakini mama yangu alipokuwa mahututi, alimshika Baba mkono na kumwomba kwamba watoto wote wafunge ndoa mbele ya padri, na Baba akaahidi. Ahadi kwa anayekufa si mchezo. Nilipomleta Ramazani nyumbani, dereva wa kamyo, kijana mpole asiyejua kusema uongo, Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia mimi, si yeye: "Unaweza kwenda. Mimi siwezi kukufunga kamba. Mais," yaani lakini, "kwako sitafika, juu nilimuahidi mama yako."

Nilikwenda. Nikapewa jina la Mariamu, nikazaa Zaina, nikazaa na Juma, na Baba hakufika. Hakunitukana, wala hakunilaani. Alinyamaza tu, nami nikanyamaza. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya chetu niliusikia kila mtu aliyetoka Butembo, upande wa kwetu, aliponipa salamu za jamaa zote, asitaje jina la baba yangu.

Basi, wazee wa msikiti walikaa uani kushauriana. Wengine walitaka ubomolewe, lakini wa kujenga mwingine kwa haraka hakuwapo. Wengine waliogopa fundi wa kubahatisha, kwa maana paa zima lilikuwa limelala juu ya nguzo zile. Mwisho Mzee Shabani akasema, "Mzee Sefu alikwisha kufa. Aliyebaki anayejua ile nyumba toka mizizi ni mutu moja. Paluku wa Vuhovi." Na wote wakamgeukia mume wangu.

Ramazani aliporudi nyumbani na habari ile, nilisema haraka kabla moyo haujanizuia: "Uende wewe na shehe. Mimi Tata, baba yangu, hataki kuniona."

Mama mkwe wangu, Mama Salima, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, pembeni. Akauweka mchi chini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na tangu niolewe aliniita kwa jina la mtoto wangu, Mama Zaina, kama ilivyo heshima. Siku ile hakuniita hivyo.

"Kavira," akasema, jina langu la kwetu, la kuzaliwa. "Weye unangoja nini? Unangoja mzee wa vile apande njia yote ya kutoka Vuhovi, akuye kupiga hodi hapa, aseme, mutoto yangu, nilikosea? Hatakuya. Na si juu ya kiburi. Alisema neno mbele ya mufu, sasa hajui atarudia wapi. Mungu amevunja nguzo, amekupatia safari, na weye unataka kutuma wanaume?"

"Na akinifukuza, mama?"

"Akikufukuza, utarudia na njia ileile. Mais utakuwa ulienda."

Mwanangu, nimepewa nasaha nyingi maishani, hata na watu wa vyuo, lakini hakuna iliyonibana kama ile. Nilijisikia mdogo kama punje ya mtama. Asubuhi iliyofuata niliwaacha watoto kwake, nikapanda kamyo ya mume wangu hadi Butembo, na kutoka pale nikatembea kwa miguu kuelekea Vuhovi. Sikutaka Ramazani anisindikize.

Nilimkuta Baba nyuma ya nyumba, akipiga randa ubao wa dirisha. Alikuwa ameota mvi ambazo sikuzijua. Nilisimama, nikamsalimia kwa Kinande, lugha ya kwetu, kama mtoto aliyetoka shambani. Aliitika bila kuinua macho. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kumwambia, nikayaacha yote.

Nikasema tu, "Tata, nguzo ya musikiti ya Beni imepasuka."

Randa ikasimama.

"Gani?"

"Ya kuume, upande wa kibla."

"Haiwezi." Sasa alinitazama. "Ile muti tuliichagua sisi wenyewe na Mzee Sefu. Tulilala mu pori tukiitafuta."

"Imepasuka, Tata. Niliisikia na masikio yangu."

"Ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani. Na batoto."

Alianza kuondoa maranda kwenye mkono wa shati lake, moja moja, polepole, kama kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomleta duniani. Kisha akanipa mgongo, akatafuta msumeno ukutani, na msumeno ulikuwa mbele ya pua yake.

"Nitaenda kuangalia muti," akasema akiwa bado amenipa mgongo. "Kwako sifiki. Usipike, usitandike."

"Ndiyo, Tata."

Ndivyo alivyokuja Beni. Alilala kwenye barza ya msikiti, juu ya mkeka wake mwenyewe aliotoka nao Vuhovi. Nilitii, sikupika. Mama Salima alipika. Alimpelekea ugali na sombe na samaki, akaviweka karibu naye na kwenda zake. Baba akamwita: "Mama, nani amepika hii?" Akajibiwa, "Musikiti." Baba akafikiri kidogo, akanawa, akala. Nilikuwa naona kupitia uzio wa jirani, na nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nguzo ipasuke.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja kijana aliyekuwa na moto mwingi wa dini na maji machache. Akaja kuuliza kwa sauti kama ni halali Mkristo akanyage mbele ya kibla na viatu vyake. Mzee Shabani hakubishana naye. Alimwonyesha tu barza. Viatu vya Baba vilikuwa pale, vimepangwa, na mwenyewe alikuwa ndani miguu mitupu. Mzee Sefu alimfundisha hivyo akiwa kijana, na hakuwahi kusahau. Yule kijana alitazama viatu, akavua vyake, akauliza kama kuna mbao za kubeba.

Baba alitambaa chini ya sakafu na kurunzi. Tulimngoja. Alipotoka alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi.

"Nani alijaza simenti huku chini, kwa miguu ya nguzo?"

Ramazani akasogea mbele. Nilitamani ardhi inifunike badala yake.

"Ni mimi, Papa. Nilileta na kamyo, nikajaza mimi mwenyewe. Nilitaka musikiti ikuwe nguvu."

Baba alimtazama mume wangu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama kweli, tangu siku ile ya Vuhovi.

"Ulitaka kuiheshimu," akasema. "Naona. Kazi uliifanya na moyo. Mais simenti imeshika maji, muti ikakosa pa kupumua. Mzee Sefu aliiweka juu ya jiwe, upepo ipite."

"Donc, basi, nimeua musikiti."

"Hapana. Zile ingine tatu bado nzima, tutazivunjia simenti. Hii moja, mguu ndiyo imeoza. Kwa juu iko muzima. Uko na krik?"

Krik, mwanangu, ni ile jeki ambayo dereva huinulia kamyo akibadilisha gurudumu. Ramazani alikuwa na zake mbili, na nyingine akaazima kwa wenzake. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na siku ile nyenzo za kuinua nyumba ya Mungu zilitoka chini ya kiti cha kamyo. Waliziweka juu ya mbao nene, wakasimamisha magogo juu yake mpaka kwenye boriti. Baba alisimama katikati, kiganja kimoja kwenye boriti, sikio karibu na mti. Ramazani alikuwa kwenye mpini wa krik kubwa.

"Pole. Pole tena. Simama." Kisha tena, "Pole."

Paa likaanza kupanda, kiasi cha unene wa ukucha. Niliona mwanga mwembamba ukiingia mahali ambapo haukuwahi kuingia. Ndipo ubao uliokuwa chini ya krik moja ulipopasuka. Boriti ikalia, bati zote zikatikisika, na wanaume wakatoka mbio. Sikuwalaumu, kila mmoja ana watoto. Nilikuwa mlangoni, nikapiga kelele ambayo sijui ilikuwa na maneno gani.

Wawili tu walibaki ndani. Baba, mkono wake bado uko kwenye boriti, na Ramazani ameukumbatia mpini kwa kifua.

"Toka, mutoto yangu!" Baba akasema kwa nguvu. "Toka!"

"Nikitoka itakuangukia, Papa."

"Nimesema toka!"

"Hapana, Papa."

Hakutoka. Mishipa ya shingo yake ilisimama kama kamba. Yule kijana mfanyabiashara ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi na ubao mwingine, na wengine wakamfuata kwa aibu, wakausukuma chini ya krik, na boriti ikatulia. Kisha Baba akasema, kwa sauti yake ya kila siku, "Bon. Pole tena." Na kazi ikaendelea.

Alikata mguu uliooza, akachonga mguu mpya wa muvula, meno ya juu na meno ya chini yakaumana, akapitisha vigingi. Kazi ile ilichukua siku kadhaa, kwa sababu Baba hakuwa mtu wa kuharakishwa. Mwenda pole hajikwai. Siku aliyomaliza, alishusha paa juu ya nguzo kidogo kidogo, krik baada ya krik. Halafu akapiga nguzo kofi moja, kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni, akatoka nje.

Mwadhini akapanda ngazi kuita sala ya alasiri. Watu waliingia kwa woga kidogo, wakitazama juu. Baba alikaa kwenye barza peke yake. Sakafu ile ya mbao ina tabia yake: watu wakishuka kusujudu pamoja, hunguruma chini chini, kama radi iliyo mbali. Iliponguruma, nilimwona Baba akiinamisha kichwa kusikiliza.

Ramazani alipomaliza kusali, alitoka na birika. Akachuchumaa mbele ya Baba. Mikono ya Baba ilikuwa na utomvu na damu kidogo kwenye vidole. Akaitazama birika, akamtazama mume wangu, kisha akanyoosha mikono, na Ramazani akammiminia maji, taratibu, mpaka ikatakata. Kwetu mtoto ndiye humnawisha mzazi. Kila mtu pale alijua, ndiyo maana wote walijifanya wanatafuta viatu vyao.

Baba akajifuta kwa shati. Akageuka upande wangu.

"Kavira," akasema, "nyumba yako iko upande gani?"

Nilionyesha kwa mkono tu.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Alikuja, akakaa, akampakata Juma, akamuuliza Zaina jina lake mara mbili kwa kujifanya hasikii. Lakini sikukuu zetu kwa muda mrefu hakufika. Wala jina la Mariamu halikuwahi kutoka mdomoni mwake. Kila mara aliniita Kavira, na mimi nilijifunza kulipenda hilo. Yeye na Ramazani waligombana juu ya mbao, juu ya barabara, juu ya namna ya kufunga mzigo. Wagombanao ndio wapatanao. Siku moja nilimuuliza kuhusu ahadi aliyompa mama. Akasema, "Nikifika kwake nitamueleza. Alikuwa mutu wa kusikia." Baba alipofariki, Waislamu wa Beni walikuja Vuhovi na kamyo. Walisimama nje ya kanisa mpaka misa iishe, kisha wakapokezana jeneza na Wakristo mpaka kaburini, na Mzee Shabani, aliyekuwa amezeeka sana, alilishika kwa hatua chache tu, akisema lazima.

Leo pale Beni kuna msikiti wa matofali ubavuni, mzuri, wa vigae. Ule wa mbao umebaki chuo cha watoto cha Kurani. Na jamaa walipokimbia vita katika vijiji vya upande wa Eringeti na magodoro kichwani, hawakuulizwa wanasali wapi. Walilala juu ya sakafu ile, Wakatoliki wengi wao, mpaka walipopata pa kwenda. Mimi sasa niko Butembo, huku Rughenda, kwa Zaina. Njia ikiwa salama, huomba nipelekwe kuutazama.

Basi sikia, mwanangu. Naona ninyi vijana mkikosana mnafungiana simu, halafu kila mmoja anakaa na kusema, yeye ndiye aanze. Mzazi anangoja mtoto, mtoto anangoja mzazi, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Anza wewe. Ukiwa mdogo, anza kwa sababu miguu yako ina nguvu. Ukiwa mkubwa, anza kwa sababu siku zako ni chache. Na ukienda, usiende na maneno matamu peke yake. Maneno ya kuomba msamaha humkaba mtu mwenye uchungu, hajui ayajibu vipi. Nenda na shida yako ya kweli. Mwombe jambo ambalo yeye ndiye anayeliweza, umwache asaidie. Wengi wanaokataa kuombwa msamaha hawakatai kuhitajiwa. Akikubali nusu, pokea nusu, ushukuru. Akikataa, rudi nyumbani na heshima yako, utakuwa umekwenda. Na mgeni wa dini nyingine akifika kwako na mikono ya kazi, tazama kwanza alipoacha viatu vyake kabla hujafungua mdomo.

Mungu wa Mama Salima, ndiye huyohuyo wa baba yangu, akupe watu wa kukukemea kwa upendo, na masikio ya kuwasikia. Akulinde barabarani, kwenda na kurudi. Waliokununia wakuote usiku, waamke wakikuulizia. Na utakapofika kwao ukiwa na vumbi la safari, ukute moto haujazimika, na chungu kina chakula chako. Amina. Wasingya, yaani asante, mwanangu, kwa kukaa ukanisikiliza.